Mwenye Kuzamia Atazame, Asichukue

Pwani yetu, tangu Lamu hata Kilwa na Kisiwa cha Msumbiji, imepitiwa na vyombo vya mataifa mengi kwa muda wa zaidi ya miaka elfu. Vingi vilifika salama. Vingine vilikwenda chini pamoja na watu na shehena zao. Siku hizi watu wenye mitungi ya hewa mgongoni, wageni na wenyeji, hushuka kuvitazama kwa burudani. Jambo hilo si baya. Walakini limeleta swali ambalo hatuna budi kulijibu mapema: mabaki hayo ni mali ya nani, na mpiga mbizi ana haki gani juu yake?

Sisi twasema waziwazi: mabaki hayo ni mali ya wananchi wote, waliopo na watakaozaliwa. Mwenye kuzamia ana haki ya kutazama. Haki ya kuchukua hana.

Tuanze na yaliyotokea kwa jirani zetu wa Mombasa. Mwezi wa Machi 1696 Waarabu wa Oman waliizingira Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Vita hivyo vilidumu hata Desemba 1698. Katikati ya mwaka 1697 maradhi yalikuwa yamewamaliza Wareno waliokuwamo, na walioishika ngome walikuwa watu wa pwani hii, wakiongozwa na Bwana Daud wa Faza. Mwezi wa Septemba msaada ulifika kwa bahari, na miongoni mwa merikebu zilizokuja ilikuwamo Santo António de Tanná, iliyojengwa kule India. Mwezi uliofuata ikazama chini ya kuta za ngome ile ile iliyokuja kuiokoa. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba merikebu hiyo ni habari ya Wareno peke yao. Ni habari yetu pia.

Ililala hapo karibu miaka mia tatu. Walioiona katika miaka ya 1960 walikuwa wapiga mbizi wa burudani, nao hawakuifanya siri. Habari iliwafikia wakuu wa makumbusho. Tangu mwaka 1977 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wenzao wa elimu ya mambo ya kale ya baharini kutoka Marekani, waliifukua kwa utaratibu, wakipima kila kitu mahali pake kabla ya kukiinua. Maelfu ya vitu vilitolewa: kauri za Kichina, vyombo vya udongo, silaha, vifaa vya mabaharia. Mtoto wa shule aweza leo kwenda ngomeni akavitazama vitu hivyo bila kulowa maji. Lakini kiunzi cha merikebu yenyewe hakikutolewa. Kilipimwa, kikachorwa, kisha kikafunikwa tena kwa mchanga.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini kufunika tena kitu kilichotafutwa kwa jasho? Jibu ni kwamba mchanga ndio blanketi la merikebu. Katika bahari yetu yenye joto na chumvi wamo wadudu watoboao mbao, na mbao iliyoachwa wazi huliwa hata isibaki kitu. Chini ya mchanga wadudu hao hawapati hewa ya kuishi. Wasweden waliiinua merikebu yao Vasa mwaka 1961, iliyozama mwaka 1628. Wao walisaidiwa na bahari yao, ambayo chumvi yake ni chache na wadudu hao hawamo; hata hivyo iliwabidi kuinyunyizia dawa kwa muda wa miaka 17 na kuijengea nyumba yake, na hata leo hawajapumzika kuiuguza. Nchi isiyo na fedha za kufanya hivyo yafanya busara kuiacha merikebu mahali ilipolala.

Basi afikiri mpiga mbizi afanyalo. Akipiga mateke kwa mapezi yake ya mpira karibu na mabaki, anaondoa blanketi hilo. Akitupa nanga juu yake, anavunja kilichoshinda dhoruba za karne tatu. Na akichukua kipande cha chuma akakiweke kabatini kwake, anajidanganya. Chuma kilichokaa baharini miaka mingi kimejaa chumvi ndani yake. Kikikauka bila dawa hupasuka na kumong'onyoka, mwisho huwa unga wa kutu. Hivyo aliyechukua hapati kitu, na walioachwa wamekwisha kupoteza.

Hasara iliyo kubwa zaidi ni kupotea kwa habari. Mwaka 1794 merikebu ya Kireno, São José Paquete Africa, iliondoka Msumbiji kuelekea Brazil ikiwa na watumwa zaidi ya 400. Mwezi wa Desemba ilivunjika miambani karibu na Cape Town. Zaidi ya 200 kati ya watu hao wakafa, na waliookoka wakauzwa. Katika miaka ya 1980 watafuta hazina waliyafikia mabaki yake, wakadhani ni merikebu ya Waholanzi. Baadaye walikuja wataalamu, wakatazama kilichokuwa hakina bei: vipande vizito vya chuma. Ilikuwa farumi, uzito uwekwao chini ya chombo kisiyumbe, kwa maana shehena ya wanadamu ni nyepesi kuliko shehena ya bidhaa. Walipolinganisha vyuma hivyo na hati za safari ile, wakaitambua. Habari ilitangazwa mwaka 2015, na wapiga mbizi wakashuka kutandaza juu ya mabaki hayo udongo ulioletwa kutoka Msumbiji.

Twauliza: kama wazamiaji wa burudani wangalivigawana vyuma vile kimoja kimoja kuwa ukumbusho wa likizo, nani angaliwatambua wafu wale? Kipande cha chuma ambacho hakuna mfanyabiashara angekinunua ndicho kilichosema kwa niaba ya watu waliozibwa vinywa.

Wapo wasemao kwamba kwa sababu hizo yafaa kuwakataza watu wasizamie kabisa. Hatukubaliani nao. Kitu kisichotazamwa na wengi huibwa na wachache. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 juu ya urithi wa utamaduni ulio chini ya maji, ulioanza kufanya kazi mwaka 2009, wataka mabaki yafikiriwe kwanza kuachwa mahali pake na wakataza kuyafanyia biashara. Lakini wahimiza pia watu wapewe nafasi ya kuyafikia bila kuyaharibu. Burudani na uhifadhi si maadui, mradi pawe na utaratibu. Pasipo utaratibu tumeona yaliyoipata Thistlegorm, meli ya Kiingereza iliyopigwa mabomu mwaka 1941 katika Bahari ya Sham upande wa Misri. Mashua za watalii zilifunga kamba katika mwili wake hata vipande vikang'oka, na mikono ya wageni ikabeba vitu vidogo.

Wapo pia wasemao: tuuze, nchi zetu zahitaji fedha. Hao nao tuwajibu. Mwezi wa Mei 2004 kauri za Kichina zilizotolewa katika merikebu ya Kireno ya karne ya 16, iliyozama karibu na Kisiwa cha Msumbiji, zilinadiwa mjini Amsterdam. Bakuli likiisha kuuzwa limeuzwa mara moja, na mnunuzi hukaa nalo nyumbani kwake. Merikebu iliyohifadhiwa huleta wageni mwaka hata mwaka, na kila mgeni hulipa mashua, hulipa kiongozi, hununua chakula. Mwenye hesabu na ahesabu.

Sasa tujitazame wenyewe. Karibu na Unguja imelala Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za simu iliyozama mwaka 1902. Imelala pia Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyopigwa na manowari ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914, wakafa mabaharia zaidi ya 30. Zote mbili zimekwisha kupita miaka mia chini ya maji, muda ule ambao mkataba tulioutaja wauhesabu kuwa wa urithi. Katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, tumekwisha kujifunza kwamba mpiga mbizi aweza kulipa kiingilio na kufuata masharti kwa ajili ya matumbawe na samaki. Kilichowezekana kwa samaki kitashindikanaje kwa kazi ya mikono ya wanadamu?

Twashauri mambo manne. Kwanza, mabaki yote yajulikanayo yaandikwe, kila moja mahali lilipo na hali yake, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, penye kuzamiwa pawekwe boya la kufungia mashua, nanga isitupwe tena. Tatu, vijana wa pwani wafundishwe kuzamia, kupima na kuchora, ili tusingoje mgeni atuambie kilichomo katika bahari yetu. Nne, mvuvi ambaye wavu wake umepandisha mtungi au chuma cha kale awe na mahali pa kutoa habari, asikilizwe kwa heshima, wala asitazamwe kama mwizi.

Lakini sheria na boya havitoshi. Mlinzi wa kweli ni mfanyakazi aliye kazini: nahodha wa mashua, mjaza mitungi, kiongozi anayeshuka pamoja na wageni. Yeye ndiye amwonaye mgeni akitia kitu mfukoni. Twajua ni vigumu kumkataza mtu ambaye bakshishi yake ndiyo nauli ya mtoto kwenda shule. Kwa hiyo twawaambia wenye vituo vya kupiga mbizi: mfanyakazi anayemzuia mgeni asiibe amelinda mali ya nchi na biashara yenu pia. Asikemewe, wala asikatwe mshahara, wala asifukuzwe. Na kwa ndugu zetu wafanyakazi twasema: msinyamaze. Anachokitia mfukoni mgeni huyo hakikuwa chenu kumpa, wala chake kuchukua.

Bahari imetutunzia vitu hivi bila mshahara kwa karne nyingi. Iliyobaki ni zamu yetu.