Kitendawili Hakipo, Vitendawili Vimo

Mwenzetu mmoja aliyekuwa akiandaa pendekezo la tasnifu aliifungua katalogi ya kompyuta ya maktaba fulani, akaandika neno "kitendawili". Akajibiwa kuwa hakuna kitu. Alikwisha kudai kwamba uwanja huo haujatafitiwa, hadi mhadhiri wake alipomshauri ajaribu "vitendawili". Tasnifu tatu zikajitokeza, mojawapo ikiwa na mada iyo hiyo yake.

Ndugu msomaji, hifadhidata itafutayo maneno ndani ya matini huambiwa mapema kwamba matini hiyo ni ya lugha gani. Chukua PostgreSQL, itumiwayo bila malipo, ambayo tangu mwaka wa 2008 ina utafutaji huo ndani yake. Inapowekwa mara ya kwanza, hutazama lugha iliyopangwa katika kompyuta. Na kwa kuwa kompyuta zetu aghalabu zimepangwa kwa Kiingereza, nayo hukifanya Kiingereza chaguo-msingi. Hakuna aulizwaye.

Chaguo hilo hukata viambishi tamati, kama vile -s, -ed na -ing, ili maumbo ya neno yakutane katika shina moja. Kiswahili nacho hubeba umoja na wingi, nafsi na wakati mbele ya mzizi: kitabu na vitabu, anasoma na walisoma. Kisu kinakata pasipo na nyama. Isitoshe, hutupa maneno ya Kiingereza yanayodhaniwa hayana uzito, na miongoni mwayo limo "same". Atafutaye habari za Same, mji ulio mkoani Kilimanjaro, hataambulia hata moja.

Nashikilia kwamba matini ya Kiswahili isiachiwe chaguo hilo kamwe. Lipo jingine liitwalo "simple", ambalo hugeuza tu herufi kubwa kuwa ndogo na kuyaacha maneno yalivyo. Nakiri kuwa lisingemfaa mwenzetu yule, kwani halijui ngeli. Lakini Same ingeonekana.

Kuna watakaosema tungoje chaguo la Kiswahili lije. Litoke wapi? Kinepali, Kitamil na Kiayalandi vimo katika orodha ya PostgreSQL, Kiswahili hakimo. Hizo ziliingia kwa kuwa kuna watu walioketi wakaandika kanuni. Wala haliwezi kusemwa kuwa jambo gumu mno: Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikwisha kuonyesha kwamba mofolojia yetu huchanganulika kwa kompyuta.

Kazi yenyewe ni ile ile ya mitihani yetu. "Vita" si wingi wa "kita". "Ulimi" na "ndimi" ni neno moja. Na je, amtafutaye "mtu" aletewe pia "utu"? Mimi nasema asiletewe, ingawa mhadhiri wangu wa semantiki huenda akanipinga. PostgreSQL hupokea kamusi zenye kanuni za viambishi, awali na tamati. Wenzetu wa idara za kompyuta wanajua kuandika programu. Wanachokosa ni jedwali la ngeli, nalo limo katika daftari la kila mmoja wetu.