Sikio la Maksai

Katika mashamba ya mpunga ya Njisi, wilayani Kyela, maksai hulima kwa kutii sauti. Asiyetii huitwa mkaidi, akapigwa. Anayeinamisha kichwa upande na kuzunguka husemwa ana kizunguzungu, na huenda akachinjwa. Hukumu zote mbili hutolewa kabla mtu hajalitazama sikio, jambo lisilofaa kabisa.

Kizunguzungu ni dalili tu. Kiungo cha mizani ya mwili kimo katika sikio la ndani, penye mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji. Kikiharibika upande mmoja, ubongo hupata habari zisizolingana; kichwa huinamia upande wa sikio bovu na macho huchezacheza. Neva ya uso hupita jirani, hivyo sikio laweza kulegea na kope kushindwa kufumba. Hata hivyo mnyama huyo aghalabu hutambua yaliyomzunguka na hutaka kula. Mbuzi au kondoo mwenye malengelenge ya tegu katika ubongo ni habari nyingine: naye huzunguka, lakini huweza kupofuka, na asili ya maradhi yake ni kinyesi cha mbwa aliyetupiwa vichwa vya wanyama wagonjwa.

Adui mmojawapo wa sikio la ng'ombe ni mnyoo mdogo sana. Mwaka 1964 Kreis alieleza aina mpya, Rhabditis bovis, kutoka katika masikio ya zebu wa Afrika Mashariki, baadaye P. Msolla na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, waliuchunguza ugonjwa huo nchini. Ng'ombe hutikisa kichwa na kutoa usaha wenye uvundo. Maradhi yakipenya ndani, mizani hupotea, na mnyama aweza kufa.

Kupima usikivu hakuhitaji maabara. Mwanafunzi asimame nyuma, asionekane, agonge debe mara moja, aangalie kama masikio yanageuka na upande gani. Lakini mnyama anayetokwa mate na kubadilika tabia asiguswe, kwani huenda ana kichaa cha mbwa.

Tiba ni kazi ya daktari wa mifugo: kusafisha sikio, kuua minyoo na kuzuia bakteria. Kumimina oili chafu au dawa ya kupe sikioni ni hatari, hasa ngoma ya sikio ikiwa imetoboka. Mgonjwa awekwe mahali tambarare, majani na maji yawe karibu. Kichwa chaweza kubaki kimeinama hata baada ya kupona, na maksai wa namna hiyo bado huweza kuzoea kutembea.