Uwanja wa Mjini Ujengwe Papo Hapo, na Hesabu Tuonyeshwe



Siku hizi ukikaa barazani Mombasa hata kikombe cha kwanza cha kahawa hakijaisha, mjadala ushafika kwa uwanja. Tujenge uwanja mpya wa mpira pale mjini au tusijenge? Watu wanarushiana maneno mpaka muuza kahawa anaingilia kati. Na ukisikiliza vizuri utaona kuna makundi matatu. Wa kwanza wanasema tujenge, tena mkubwa kabisa, kama wa Nairobi. Wa pili wanasema mjini pamejaa, upelekwe nje huko bara kwenye nafasi. Wa tatu wanasema mpira haujazi tumbo, kwanza maji na dawa hospitalini.

Leo naomba unipe dakika chache nikujibu, wewe ulioko katika mojawapo ya makundi hayo. Msimamo wangu nautoa mwanzo usije ukasema nakuzungusha: uwanja ujengwe, ujengwe papo hapo mjini, uwe wa kiasi chetu, na kila shilingi tuonyeshwe. Ukikosekana mmoja kati ya hayo manne, tumeliwa.

Tuanze na tulichopoteza, maana kuna vijana wadogo wanaodhani Mombasa siku zote imekuwa mji wa kutazama mpira kwenye runinga. Mwaka 1965 bingwa wa ligi ya taifa Kenya alikuwa Feisal, timu ya Mombasa hii hii. Ligi yenyewe ilikuwa na miaka miwili tu tangu ianze. Bandari wakachukua ngao ya taifa mwaka 2015, wakairudia 2019. Ile ya 2019 ikawapa tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Furaha ilioje! Lakini mechi zao za nyumbani wakaenda kuzichezea Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka hapa, kwa sababu uwanja wetu wa manispaa ulikuwa umefungwa na kubomolewa ati unajengwa upya. Shabiki wa Tononoka ambaye angetembea kwa miguu mpaka langoni ikabidi asikilize kwa simu.

Kisha ikaja CHAN, Agosti 2025. Kenya, Uganda na Tanzania wenyeji. Sote tulipiga kelele Harambee Stars walipoifunga Morocco moja bila pale Kasarani. Lakini je, Mombasa ilipata mechi ngapi? Sufuri. Mechi zote za Kenya zilichezwa Nairobi, Kasarani na Nyayo. Na wakati huo huo, ng'ambo tu hapo, Unguja, Senegal na Nigeria walikuwa wanamenyana Uwanja wa Amaan, chini ya taa. Amaan ulifunguliwa mwaka 1970, ukafungwa kukarabatiwa, na Disemba 2023 ukafunguliwa upya. Unachukua watu kama elfu kumi na tano. Uko mjini. Hauko porini. Wenzetu wa lugha moja na sisi, bahari moja na sisi, kisiwa kama sisi. Wao waliwezaje?

Sasa nije kwako wewe unayesema uwanja upelekwe nje ya mji. Najua hoja yako: foleni, maegesho, nafasi. Ni hoja ya haki. Lakini nikuulize maswali mawili.

La kwanza: nani atafika? Uwanja wa mjini mtoto wa Majengo anafika kwa miguu. Wa Likoni anavuka feri na kupanda matatu moja. Wa Kisauni vivyo hivyo, wa Changamwe vivyo hivyo. Njia zote za kaunti hii zinakutana kisiwani. Ukiupeleka upande mmoja wa bara, pande nyingine mbili umezikata. Nauli ya kwenda na kurudi kwa magari mawili mawili itazidi bei ya tiketi, na mechi ikiisha usiku, nani atamrudisha dada yako nyumbani? Mwishowe atakayefika ni mwenye gari. Na yule mama wa viazi karai na achari anayengoja watu watoke mechi, utamwambia ahamie wapi?

La pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi: ikishahamishwa ile stediamu, ile ardhi ya mjini itabaki kuwa ya nani? Kisiwa ni kile kile, hakiongezeki, na kaunti ilihesabiwa watu zaidi ya milioni moja na laki mbili mwaka 2019. Kiwanja kikubwa namna ile katikati ya mji ni mali ambayo wenye pesa wanaitazama kama paka anavyotazama samaki. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi za umma nchini zilivyogawanywa kinyume cha sheria, na viwanja vya michezo havikusalimika. Mchezo huwa ni ule ule. Kwanza wanasema pamefungwa kwa muda. Kisha mabati. Kisha miaka. Kisha siku moja unaamka unakuta ghorofa na askari getini anakuuliza unatafuta nani.

Haya si ya kusimuliwa. Mimi nimekulia kwenye kiwanja cha vumbi ambacho leo hakipo. Tulikuwa na timu, jezi tulichanga wenyewe, magoli tulijengewa na fundi wa mtaa kwa mbao za kuokoteza. Siku moja tukakuta seng'enge. Aliyeweka alikuwa na karatasi, na sisi hatukuwa na karatasi, tulikuwa na mpira. Basi. Tukahamia kukaa ukutani. Na kijana wa kwetu akikaa ukutani saa mbili usiku unajua kinachofuata: gari la polisi linasimama, mnapakiwa, asubuhi mnaambiwa mlikuwa mnazurura. Golikipa wetu alichukuliwa hivyo, viatu vya mpira viko mkobani. Mama yake akauza cherehani kumtoa. Hakurudi kwenye mpira tena. Ndio maana mtu akiniambia suala la uwanja ni suala la starehe, namtazama tu.

Nije kwako wewe wa maji kwanza, dawa kwanza. Ndugu yangu, kwa hili una haki na siwezi kukupinga juu juu. Mji ambao mkokoteni wa mitungi ya maji ni kitu cha kawaida hauwezi kujisifu kwa nyasi za kijani. Lakini hebu tufikirie pamoja. Miaka yote uwanja uliyokaa bila kuchezwa mpira, je, maji yalikuja? Bomba la kwako lilianza kutoa? Pesa ambazo hazikumaliza uwanja hazikugeuka kuwa dawa. Kwa hiyo kinachokunyima maji si mpira. Mwizi wa maji na mwizi wa uwanja ni mmoja: ni kazi inayoanzishwa, inalipwa, haimaliziki, na hakuna anayeulizwa. Ukiniachia mimi nimuulize kwa uwanja, na wewe ukamuulize kwa maji, tutakutana mlangoni kwake.

Tena Katiba yenyewe, Jedwali la Nne, imeweka michezo na majengo yake chini ya serikali ya kaunti. Ni kazi waliyopewa na bajeti wanapitisha kila mwaka. Hatuombi zawadi.

Lakini mahali ambapo nitasimama upande wako ni hapa: kama uwanja utajengwa kwa deni la kutufunga sisi na watoto wetu, basi heri tubaki na vumbi letu. Tazama ule wa Talanta, Nairobi, wa watu elfu sitini. Hati ya dhamana ya shilingi bilioni 44.79 iliorodheshwa soko la hisa mwaka 2025, ya miaka 15, faida kwa wakopeshaji karibu asilimia 15 kwa mwaka. Inalipwa na nini? Na Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambayo chanzo chake kikubwa ni ushuru wa kamari. Yaani kijana apoteze mia mbili zake za chakula kwenye kubashiri mechi, ushuru wake ulipe riba ya uwanja, kisha auziwe tiketi ya kuingia. Kwetu sisi kamari na riba zote mbili twajua hukumu yake, lakini hata asiye Muislamu akipiga hesabu ataona ni nani anayenyonywa. Njia hiyo Mombasa tusiipite.

Na wewe unayetaka wa elfu arobaini, elfu hamsini, ati tusipitwe na Nairobi: tazama Cape Town. Kwa Kombe la Dunia la 2010, kulikuwa na rai ya kuuboresha uwanja wa Athlone, mitaa ya watu wa kawaida, wakiwemo Waislamu wengi. FIFA wakapendelea Green Point, chini ya mlima, karibu na bahari, mahali pazuri kwa picha. Zikamwagwa randi zaidi ya bilioni nne. Kombe likaisha, wageni wakaenda zao, na mji ukabaki na jumba ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likila pesa za walipa kodi kuliko linavyoingiza. Picha ilikuwa nzuri kweli.

Sisi pia tumeshauziwa picha. Mwaka 2013 muungano ulioshinda uliahidi nchi hii viwanja vitano vipya vya kimataifa. Mwaka 2017 Kenya ikapokonywa CHAN ya 2018, ikaenda Morocco, kwa sababu hatukuwa tayari. Unakumbuka michoro? Taa, nyasi, bendera. Mchoro haujawahi kuchezewa mpira.

Uwanja wa watu elfu kumi na tano, wenye nyasi nzuri, taa, vyoo vinavyofanya kazi na mlango wa walemavu, unatutosha na tutaujaza. Amaan wameonyesha kwamba kwa kiasi hicho mechi za Afrika zinachezeka. Wa elfu arobaini tutaujaza mara moja kwa mwaka, na siku zilizobaki tutaulipia ulinzi na majani.

Basi tunadai nini? Haya matano:

1. Uwanja ubaki mjini, na ardhi yake isajiliwe kama ardhi ya umma, hati ionekane. Kusiwe na hoteli wala maduka makubwa yaliyofichwa ndani ya mradi.

2. Mkataba utolewe hadharani. Kontrakta alipewa kazi kwa bei gani, amelipwa kiasi gani, kazi iliyobaki ni ipi na itamalizika lini.

3. Ukubwa uwe tunaoweza kuujaza na kuutunza, bila mkopo wa kubebesha kaunti.

4. Ratiba ya matumizi iandikwe kabla ya utepe kukatwa: siku za shule, siku za timu za wasichana, siku za ligi za mitaa kwa bei ya mtaa. Tusijengewe ukumbi wa mikutano ya siasa unaofunguliwa kila miaka mitano.

5. Viwanja vya wadi viwekewe hati sambamba na mradi huu. Tononoka, Makadara, Serani, Bomu na kile cha vumbi nyuma ya kwenu. Uwanja mkubwa bila viwanja vidogo ni ghorofa bila ngazi. Watakaocheza pale watatoka wapi?

Usiseme hatuna nguvu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa wewe raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu. Huhitaji wakili, unahitaji karatasi moja, jina lako na swali lako. Andika nakala mbili, moja wakugongee muhuri, ubaki nayo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakuruhusu kupeleka ombi rasmi kaunti. Na makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, kisha wananchi husikizwa. Vikao hivyo tunavijua. Ukumbi unajazwa watu wa kuletwa, soda na fulana, saa nne washamaliza. Wewe fika saa mbili. Keti mbele. Uliza swali moja tu: uwanja umekula pesa ngapi mpaka leo? Usikae chini mpaka lijibiwe, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Na nyinyi wazee mliomuona Feisal akicheza, msituachie peke yetu. Njooni na picha zenu za zamani. Njooni muwaambie hawa waheshimiwa kwamba mji huu ulikuwa na mpira kabla wao hawajazaliwa.

Shea ujumbe huu kwenye makundi ya mtaa, ya timu na ya familia. Kapteni wa timu yoyote ya Mombasa atakayetaka kuandika barua ya kuomba habari atuandikie inboksi, tutakaa naye tuiandike pamoja bila malipo. Barua ya kwanza tunaipeleka sisi. Ya pili iwe yako.