WAINGEREZA NAO WALIKUWA WACHUNGA NG'OMBE: MBULU IANDIKE MANENO YA WAZEE WAKE

Iko kasumba moja ambayo haikushuka pamoja na bendera ya mkoloni usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961. Ni ile ya kudhani kwamba Mwingereza alizaliwa na kitabu mkononi, na Mwafrika alizaliwa na fimbo ya kuchungia. Mpaka leo wako wasomi wetu ambao, wakisikia neno "fasihi", mawazo yao yanaruka moja kwa moja mpaka London, yakipita juu ya Mbulu na Hanang kama ndege asiyeona pa kutua. Sisi twasema kasumba hiyo ni uongo, na ushahidi wa uongo huo umo katika historia ya Waingereza wenyewe.

Na tuanze na mchunga ng'ombe. Katika karne ya 7, huko Whitby, kaskazini ya Uingereza, palikuwa na nyumba ya watawa iliyoongozwa na mama mmoja aliyeitwa Hild. Mtumishi mmoja wa mifugo wa hapo aliitwa Caedmon. Watu wakikaa karamuni walipitishiana kinubi, kila mtu aimbe kwa zamu yake. Caedmon hakujua kuimba, basi kinubi kilipomkaribia aliondoka kwa aibu akaenda zizini kulala na ng'ombe. Usiku mmoja huko zizini akaota mtu anamwamrisha aimbe habari za kuumbwa kwa ulimwengu, akaimba. Asubuhi alipelekwa kwa Hild, akapimwa na wenye elimu, na tangu hapo akawa mtunzi. Habari hii imeandikwa na mtawa Beda katika kitabu cha historia alichokimaliza mwaka 731. Huyo ndiye mshairi wa kwanza wa Kiingereza ambaye jina lake linajulikana: si lodi, si profesa, ni mtu wa zizini.

Twawauliza ndugu zetu wa Dongobesh, wa Kainam, wa Haydom na wa Katesh: je, habari hii ni ngeni kwenu? Watu waliokaa pamoja, pombe imetengwa, zamu ya kusema inapita, na yule aliyejaliwa ulimi anasimama wengine wanamwitikia? Hiyo ndiyo slufay ya Wairaqw. Mzee huanza kuomba baraka, akimtaja Lo'a, akiomba mvua, watoto, mifugo na amani ya nchi, kwa mafumbo yaliyorithiwa na kwa maneno anayoyaunga yeye mwenyewe papo hapo, na watu wote huitikia. Slufay si kelele za walevi. Ni utungo wenye kanuni zake, na si kila mtu anayeiweza.

Sasa tazameni jinsi Waingereza walivyokuwa wakitunga. Mashairi yao ya zamani hayakuwa na vina vya mwisho kama mashairi yetu ya pwani. Kila mstari ulikatwa vipande viwili, kama sisi tunavyokata ukwapi na utao, na vipande hivyo vilifungwa pamoja kwa maneno yanayoanza kwa sauti moja. Na vitendawili walikuwa navyo pia. Kipo kitabu cha mkono ambacho Askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072, alilipa kanisa lake la Exeter, na ndani yake mna vitendawili zaidi ya 90, vya nanga, vya kitunguu, na vya mdudu anayekula maandishi wala asipate akili. Bibi yeyote wa Mbulu anayewategea wajukuu zake jioni angekaa na watu hao akawashinda.

Walikuwa na shida ya herufi pia. Walipochukua herufi za Kilatini waliona hazitoshi, kwa kuwa Kilatini hakikuwa na sauti ile inayoanza neno letu "thelathini". Walifanya nini? Hawakusema lugha yao haiandikiki. Walichukua herufi kutoka maandishi yao ya kale ya kuchonga, wakaziingiza katikati ya zile za Kirumi. Mwiraqw anayeambiwa leo kwamba lugha yake ni ngumu mno, ati ina sauti za kooni na za pembeni mwa ulimi, na amjibu hivyo hivyo. Sauti hizo zimekwisha kupatiwa alama: sl, tl, hh, q, x na mkwaju. Lugha ya Kiiraqw inaandikika. Linalokosekana ni mwandikaji.

Lakini tusiwasifu Waingereza kupita kiasi, maana hapa ndipo penye onyo. Utenzi wao mkubwa wa zamani, Beowulf, wenye mistari 3,182, umebaki katika nakala moja tu duniani. Nakala hiyo iliandikwa na makarani wawili yapata mwaka 1000, kisha ikakaa karne nyingi bila kushughulikiwa. Mwaka 1731 nyumba iliyoihifadhi huko London iliwaka moto. Kitabu kiliokolewa, lakini kingo zake ziliungua, na baadaye zikaendelea kumomonyoka na maneno kupotea. Na ni nani aliyekuwa wa kwanza kuuchapisha utenzi huo mzima? Si Mwingereza. Ni Thorkelin, mtu wa Iceland aliyetumikia serikali ya Denmark, naye aliuchapisha Copenhagen mwaka 1815. Taifa lililokuwa likijiandaa kuwatawala watu wa mabara yote lilisomewa utenzi wake na mgeni!

Na sisi je? Masimulizi mengi ya Kiiraqw yaliandikwa na Mjerumani Paul Berger kabla ya Vita Kuu ya Pili, yakaja kuchapishwa Ujerumani mwaka 1998. Sarufi kubwa ya Kiiraqw iliyotoka mwaka 1993 ni ya Mholanzi, Maarten Mous. Hatuwalaumu wageni hao. Walifanya kazi ya heshima na twawashukuru. Katika miaka ya 1970 Mtanzania W. D. Kamera naye alikusanya hadithi za Wairaqw, akazitoa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na huo ndio mfano tunaoutaka. Lakini twauliza: ni nyumba ngapi za Mbulu zenye vitabu hivyo? Mtoto wa Mbulu akitaka kuisoma slufay ya babu yake, je, sharti apande ndege?

Hapa ndugu mmoja atasimama aseme: "Jihadharini! Huu ni ukabila. Taifa ni moja, lugha ni moja." Hoja hii ni nzito, na twaijibu kwa heshima, kwani waliojenga umoja wa nchi hii walifanya kazi ambayo nchi nyingine zinaionea wivu. Mbulu na Hanang zenyewe ni shahidi. Hapo wanakaa Wairaqw ambao lugha yao ni ndugu ya Kisomali na Kioromo, Wadatoga ambao lugha yao ni ndugu ya Kimasai, Wanyaturu na Wanyiramba ambao ni Wabantu, na kule Yaeda Chini Wahadzabe ambao lugha yao haijapatiwa ndugu hata mmoja. Bila Kiswahili watu hawa wangezungumza kwa ishara. Kiswahili ndicho kiti tunachokalia sote, wala hatutaki mtu akikate mguu.

Lakini umoja haujengwi kwa kusahau. Waingereza nao walikuwa na lahaja nyingi, za Northumbria, za Mercia, za Wessex na za Kent. Wimbo wa Caedmon uliimbwa kwa lahaja ya kaskazini, na wanakili wa kusini waliuandika kwa lahaja yao, usipotee. Baadaye, Caxton alipoweka mtambo wa kuchapa Westminster mwaka 1476, lahaja ya mji mkuu ilipata nguvu, ndiyo aliyoitumia Chaucer, aliyefariki mwaka 1400. Lakini utenzi wa Bwana Gawain, uliotungwa kwa lahaja ya kaskazini-magharibi karibu na wakati huo huo wa Chaucer, ulibaki katika nakala moja, haukuchapwa mpaka mwaka 1839. Nakala hiyo ilikuwa katika maktaba ile ile iliyowaka moto mwaka 1731, na kuokoka kwake kulikuwa bahati tu. Twasema basi: lugha ya taifa na iwe njia kuu, lakini vijito visikaushwe. Slufay iandikwe ukurasa wa kushoto kwa Kiiraqw, na wa kulia kwa Kiswahili, ili mtu wa Lindi na wa Pemba waisome na kusema, "Kumbe hii nayo ni yetu." Huo si ukabila. Ukabila ni kujifungia mali ndani, na sisi twataka kuitoa nje, taifa zima liirithi.

Tena Kiswahili chenyewe kinajua dharau ni nini. Nakala ya Utendi wa Tambuka iliandikwa Pate mwaka 1728, na bado wakoloni walituambia hatuna maandishi. Mwalimu Nyerere aliwajibu kwa vitendo, alipomtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963. Na Waingereza nao walidharauliwa. Walipotekwa na Wanormani mwaka 1066, lugha yao ikawa ya wakulima na wachungaji, huku mabwana wakisema Kifaransa na makasisi wakiandika Kilatini. Ilichukua karibu miaka 300 mpaka sheria ya mwaka 1362 ikaagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza, na sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Sisi tulitunga sheria ya Kiswahili mahakamani mwaka 2021, miaka 60 baada ya Uhuru. Hatukuchelewa kama wao, lakini masomo mengi ya sekondari bado yanafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tusijipongeze upesi.

Wapo pia waumini wanaoona slufay ni mambo ya kizamani, yasiyomfaa Mkristo. Kwao twasema haya: makarani walioandika Beowulf walikuwa Wakristo, na shujaa wake aliishi katika nchi za kipagani. Hawakumtupa. Walimwandika, na imani yao haikupungua. Mapadri na wachungaji wa Mbulu wana elimu ya kuandika na wanaaminiwa na wazee. Wakiikubali kazi hii, nusu ya safari imekwisha.

Hatuandiki haya kuwaamuru watu wa Mbulu. Historia yao twaijua. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na kile kimoja kilikuwa cha Mbulu. Mtemi Amri Dodo alipewa tiketi ya chama, lakini wananchi walimchagua Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama peke yake. Watu wa namna hiyo hawasukumwi, huelezwa wakaamua. Kwa hiyo twawaeleza tu kinachotakiwa.

Kwanza, kila kata iwatafute wazee wake wenye ulimi na kuwaomba ruhusa. Yako maneno ya baraka na yako ya siri, na mzee akisema hili lisiandikwe, lisiandikwe. Pili, vijana wenye simu warekodi sauti, maana Beda mwenyewe alikiri kwamba shairi haliwezi kuhamishwa neno kwa neno kwenda lugha nyingine bila kupoteza uzuri wake. Leo hakuna ajuaye kwa hakika kinubi cha Caedmon kililia namna gani. Sisi tunaweza kuiweka sauti ya mzee pamoja na sauti za wanaomwitikia, na kosa letu litakuwa kubwa zaidi tusipofanya hivyo. Tatu, walimu wawe makarani: waandike, wafasiri, na waweke jina la mzee juu ya utungo wake kama tunavyoweka jina la Shaaban Robert juu ya wake. Nne, nakala zisiwe moja. Iwepo ya shule, ya wilaya, na ya maktaba ya taifa, maana moto hauchagui nyumba. Na kazi hiyo isiwe ya Wairaqw peke yao. Wadatoga na Wahadzabe wana yao, na hao wa mwisho ni wachache, basi wao ndio wa kuharakishiwa.

Twarudi kwa yule mchunga ng'ombe. Caedmon hakuwa wa maana kuliko wachungaji wengine wa zamani zake. Tofauti ni kwamba asubuhi ile alipatikana mtu wa kumsikiliza, na baadaye akapatikana mtu wa kuandika. Jioni hii, mahali fulani chini ya Mlima Hanang, yuko mzee anayesimama kuombea nchi. Wasikilizaji wake wapo. Mwandishi yuko wapi?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wananchi wa Mbulu na Hanang, daftari ni letu sote. Lifungueni.