Mwalimu asihukumiwe kwa mtaala asiofunzwa

Kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi limemaliza sekondari msingi na kuingia Gredi ya 10. Sasa lawama zimeelekezwa kwa walimu: kwamba hawauelewi mtaala, kwamba wanafundisha 8-4-4 kwa jina jipya, kwamba alama wanazotoa darasani haziaminiki. Baadhi ya madai hayo yana ukweli. Lakini kabla ya mwalimu kuhukumiwa, ni lazima ijulikane nani alipewa jukumu la kumwelewesha, na alilitekeleza vipi. Serikali haijawahi kutoa jibu la kuridhisha.

Anachotakiwa mwalimu kukijua si kidogo. Kila eneo la kujifunza lina muundo wake wa mtaala wenye mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, shughuli za ujifunzaji na maswali dadisi. Juu yake kuna umilisi wa kimsingi wa aina saba, maadili na masuala mtambuko, na yote yanapaswa kuonekana katika maazimio ya kazi na andalio la somo. Kisha kila mwanafunzi hupimwa kwa viwango vinne: kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, au kuwa chini ya matarajio. Katika darasa la wanafunzi 60, hali ambayo si ngeni katika shule za umma za Kawangware, Kangemi na Dagoretti jijini Nairobi, mada ndogo moja yenye matokeo matatu inamtaka mwalimu atoe uamuzi mara 180 kabla ya kusonga mbele. Asipoelewa tofauti kati ya kukaribia na kufikia matarajio, atakisia. Mwenzake wa darasa la jirani atakisia kivyake.

Ukisiaji huo unaamua maisha ya watoto. Kwa utaratibu wa Baraza la Mitihani, Knec, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 ni asilimia 20 ya alama zinazotumiwa kumpangia mwanafunzi shule ya sekondari pevu. Asilimia 20 nyingine hutoka kwenye mtihani wa Gredi ya 6, na 60 kwenye ule wa Gredi ya 9. Isitoshe, vile viwango vinne vimegawanywa katika mtihani huo wa mwisho vikawa vinane. Mwalimu ambaye hakuwahi kuonyeshwa kazi moja ya mwanafunzi iliyosahihishwa ikawa mfano wa kila kiwango anatarajiwa leo kumwandaa mtoto kwa vipimo vilivyo vyembamba zaidi ya hivyo.

Hali ni mbaya zaidi sekondari msingi. Mwalimu wa sekondari nchini huhitimu akiwa na masomo mawili. Jopo la Rais la mageuzi ya elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, lilipopendekeza mwaka 2023 maeneo ya kujifunza yapunguzwe kutoka 14 hadi 9, lilifanya vyema kumpunguzia mtoto mzigo. Lakini masomo mengi hayakuondolewa, yaliunganishwa. Elimu ya biashara na kompyuta ziliingizwa katika somo la Pre-Technical, kama linavyojulikana shuleni, pamoja na michoro, vifaa na ufundi. Aliyesomea biashara akajikuta anafundisha uchoraji wa kiufundi, na fundi akapewa hesabu za mapato na matumizi. Kwa kuwa madarasa haya yaliwekwa katika shule za msingi, nyingi hazina maabara, na majaribio ya Sayansi Jumuishi hufanywa kwa vikombe vya plastiki na ndoo, au hayafanywi.

Kwa mzigo huo wote, mafunzo yaliyotolewa yalikuwa ya siku chache, mara nyingi wakati wa likizo, kwa mtindo wa kuwafunza wachache ili nao wakawafunze wenzao. Kila ngazi hupoteza sehemu ya ujumbe. Kinachomfikia mwalimu wa mwisho ni istilahi: anajua kuandika "umilisi wa kidijitali" kwenye andalio la somo, lakini hajui somo lenyewe linafundishwaje katika shule ambayo vishikwambi vyake vimefungiwa kabatini.

Wengi wa walioanzisha Gredi ya 7 mwaka 2023 walikuwa wanagenzi waliolipwa Sh20,000 kwa mwezi. Aprili 2024, Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba mpango huo ulikiuka haki zao. Taifa liliikabidhi hatua ngumu zaidi ya mtaala mpya kwa walimu lililokataa kuwaajiri ipasavyo. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilikuwa imekwisha kutangaza mwaka 2021 mpango wa kumwendeleza mwalimu kitaaluma: moduli sita, kila moja ya miaka mitano, kwa Sh6,000 kila mwaka kutoka mfukoni mwake. Mwajiri anayebadilisha kazi hana haki ya kumtoza mfanyakazi gharama ya kujifunza mabadiliko hayo.

Wakati huohuo mwalimu huyo hujaza fomu za tathmini ya utendakazi, TPAD, akieleza alivyotimiza viwango vya kitaaluma, na fomu hizo huzingatiwa katika kupandishwa cheo. Amehesabiwa yeye. Hakuna fomu inayomhesabu aliyepaswa kumfunza.

Chanzo cha kasoro hii kinajulikana. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, huandika mtaala kwa mujibu wa sheria ya 2013. TSC huajiri, husimamia na hupima mwalimu. Knec hutahini. Wizara huweka sera, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliunda baraza la ubora na viwango, huku TSC nayo ikiendelea kutuma maafisa wake madarasani. Jopo la Munavu liliugundua mvutano huo na kutaka umalizwe. Ofisi hizi hazitenganishwi na umbali. Kutoka wizarani Jogoo House katikati ya jiji hadi KICD pale Ngara, au makao ya TSC Upper Hill, ni safari fupi. Lakini mwalimu wa Kangemi akiuliza nani anawajibika kwa mafunzo yake, kila ofisi humwelekeza kwa nyingine.

Kigeugeu cha wakubwa kimeongeza mkanganyiko. Desemba 2018, Waziri wa wakati huo, Amina Mohamed, alisema nchi haikuwa tayari kwa utekelezaji; Januari 2019 mtaala ukaanzishwa. Hisabati iliondolewa kwenye masomo ya lazima ya sekondari pevu, kisha Aprili 2025 Waziri Julius Ogamba akatangaza kuwa imerejeshwa kwa sura mbili. Kubadili uamuzi mbaya ni jambo jema. Tatizo ni kwamba kila badiliko hufuta kazi ambayo mwalimu alikuwa ameanza kuielewa, na hakuna anayemrudia kumfafanulia.

Kenya iliwahi kupita njia hii. Mfumo wa 8-4-4 ulianzishwa kwa pupa mwaka 1985, masomo ya ufundi yakaingizwa kabla ya karakana kujengwa, na baada ya Tume ya Koech kukosoa mzigo huo, yakapunguzwa mwaka 2002. Afrika Kusini nayo ilianzisha mtaala wake wa matokeo mwaka 1998. Miaka miwili baadaye kamati iliyoongozwa na Linda Chisholm ilibaini kwamba lugha ya mtaala ilikuwa ngumu kupita kiasi na walimu hawakuandaliwa vya kutosha. Nchi hiyo iliishia kuuacha. Waliobuni mtaala wa Kenya wangeweza kuisoma ripoti ya kamati hiyo.

Jukumu la kuhakikisha kila mwalimu ameuelewa mtaala kabla ya kuufundisha sasa lipewe ofisi moja, nayo ni TSC. Ndiyo mwajiri, na Kifungu cha 237 cha Katiba tayari kinaipa kazi ya kupitia viwango vya elimu na mafunzo ya wanaoingia katika ualimu. KICD ipigwe marufuku kutoa muundo mpya wa mtaala chini ya mwaka mmoja kabla ya kutumika. Knec ichapishe, kwa kila eneo la kujifunza, kazi halisi za wanafunzi zilizosahihishwa katika kila kiwango, na zifike kila shule ya umma zikiwa zimechapwa, si kwa kiungo cha mtandaoni tu. Bila hilo, asilimia 20 ya tathmini za shuleni haina uhalali wa kumnyima mtoto wa Kawangware nafasi katika shule anayoistahili.

Mafunzo yagharimiwe na serikali, yafanywe kwa somo na kwa wiki kadhaa, na mwalimu apate wa kumshikia darasa. TPAD isimpunguzie mwalimu alama katika eneo ambalo TSC haina rekodi ya kumfunza. Na pasiwe na badiliko jingine la maeneo ya kujifunza hadi kundi hili la kwanza limalize Gredi ya 12 mwaka 2028 na matokeo yake yachunguzwe.

Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa ina uwezo wa kulazimisha haya kupitia bajeti. Kabla ya kuidhinisha mgao ujao wa TSC, iitake tume hiyo iwasilishe hadharani, kaunti kwa kaunti, idadi ya walimu wa sekondari msingi wanaofundisha masomo wasiyoyasomea, siku za mafunzo ambazo kila mmoja amepata, na tarehe ambayo pengo hilo litazibwa. Tume ikishindwa kuwasilisha orodha hiyo, kamati izuie fedha za usimamizi wa makao makuu, na mishahara ya walimu isiguswe.