Mbwa wa kunusa waje Masisi, lakini kamba ishikwe na nani?

Mlima ukianguka juu ya shimo, swali linalochelewesha kazi ni moja: wako upande gani? PDG anasema galeri ilielekea kwenye migomba. Mbeba mifuko anakatala, anasema waliisha kugeuka kushoto tangu juzi. Majembe yanagawanyika na saa zinaenda. Mimi naona tunahitaji mbwa wa kunusa huku kwetu, na wanaweza kufundishwa hapa hapa Lushebere.

Najua jibu la mama moja sokoni: "Ule mbwa atakula nyama, sisi tunakula sombe tupu?" Ana haki ya kuuliza. Lakini jambo hili si la Wazungu peke yao. Pale Rumangabo, kwenye Parc ya Virunga, kikosi cha mbwa kilianza mwaka 2011, pamoja na daktari wa wanyama kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Walichagua mbwa wa Saint-Hubert, wale wa masikio marefu ya kuning'inia. Mwezi wa tatu 2012 kulikutwa tembo ameuawa na pembe zimekatwa. Mbwa walinusishwa pale, wakafuata nyayo karibu kilomita 7 mpaka kwenye kijiji cha wavuvi. Walioshika kamba ni walinzi wa parc, watoto wa inchi hii.

Mafunzo yenyewe yanaanza kama mchezo. Mtu anayejulikana na mbwa mdogo anaacha shati chini, anakimbia mita 20 au 30, anajificha nyuma ya kichaka. Mbwa ananusa shati, anafuata, anamkuta mtu na kipande cha nyama. Kesho ni mita 50 na kona moja. Kisha mtu asiyemjua. Kisha nyayo za saa moja, za saa tano, za jana. Kinachofuatwa ni harufu ya vipande vidogo vya ngozi, visivyoonekana, vinavyodondoka kila tunapopita, pamoja na harufu ya majani na udongo uliokanyagwa.

Hapo ndipo Lushebere inanipendeza. Malisho yetu yanashika harufu vizuri, hasa asubuhi penye umande. Lakini mbwa aliyezoea majani tu, ukimpeleka kwenye barabara ya mawe wakati wa jua kali, anasimama kama mgeni wa Goma. Lazima apitishwe kwenye shamba la maharagwe, kwenye njia iliyokanyagwa na ng'ombe, avuke mto na kutafuta harufu ng'ambo, apande mpaka kwenye udongo mtupu wa mgodi. Milima nayo ina ujanja wake: jua likiwaka, hewa inapanda na harufu nayo, jioni baridi inashuka bondeni na kuibeba chini. Mbwa anaweza kuonyesha juu wakati mtu amelala chini. Haya yote tunayo ndani ya mwendo wa saa moja kwa mguu. Huko Ulaya wanayatafuta kwa gari.

Anayeharibu kazi mara nyingi ni mshika kamba. Anadhani anajua njia, anamvuta mbwa. Kwa hiyo siku ya jaribio asiambiwe mtu amepita wapi. Kwa walimu wa kwanza, mimi ningetafuta wawindaji wa Walikale, wale wanaofungia mbwa kengele ya mbao shingoni. Hawana diploma, lakini wanasoma mkia wa mbwa kuliko wengi wetu tunavyosoma gazeti.

Nisiwadanganye: kufuata nyayo na kutafuta waliofukiwa ni kazi mbili. Huyu wa pili anatafuta harufu inayotoka kwenye nyufa, na udongo uliolowa unaziba nyufa. Watafutaji wanatoboa matundu kwa chuma kirefu, wanangoja harufu ipande, ndipo wanamrudisha mbwa. Chini ya udongo mzito mtu hana dakika nyingi, basi mara kadhaa mbwa atatuonyesha maiti. Hilo pia ni kitu. Kule Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, mwezi wa tano 2023, maji na matope yaliua watu zaidi ya 400, na wengi hawakuonekana tena. Kamituga, tarehe 11 mwezi wa kenda 2020, familia zilikesha juu ya mashimo yaliyojaa maji. Aliyefanya matanga bila maiti anajua ninasema nini.

Sasa hofu yangu. Mbwa anayefuata mtu hajui kama huyo mtu amepotea ao amekimbia. Leo anamtafuta mtoto aliyepotea porini, kesho mwenye nguvu anamtuma kwa mchimbaji aliyeingia usiku kwenye shimo lililofungwa. Mimi nakubali mbwa kwa sharti: mwenye silaha asishike kamba. Wakae na wa-volontaire wa Msalaba Mwekundu, kila safari iandikwe kwenye daftari, na wajane wa migodi wawe na sauti kwenye komite. Kama hilo haliwezekani, heri tubaki na majembe.

Franga zitoke wapi? Mfuko ukishuka mlimani kila mtu anakata chake. Kooperative zikate kidogo pia kwa kazi hii, na zijue kwamba mbwa wa kuaminika anataka mwaka mzima na zaidi.

Wakati tunangoja, PDG anaweza kuanza kesho bila mbwa hata mmoja. Kila asubuhi aandike majina ya wanaoingia, na kila jioni achore galeri imefika wapi. Daftari libaki juu, kwa mama muuza chai, lisishuke naye shimoni.