Tunapimana Akili kwa Kipimo cha Nani?

Mijadala ya akili mnemba redioni huishia pale pale. Mmoja anasema mashine imeshatupita, mwingine anasema ni chuma tu kisichojua lolote, na hakuna anayewauliza akili wanayoizungumzia ni ipi. Kabla ya kuifikia mashine, afadhali tuanze na madai tunayotoleana sisi kwa sisi, maana huko ndiko ugomvi ulikoanzia.

La kwanza: kwamba akili ni moja, kila mtu huzaliwa na kiasi chake, na kiasi hicho kinasomeka kwa namba. Wanaolishikilia dai hili hupenda kumtaja mwanasaikolojia Alfred Binet, kumbe Binet ni shahidi mbaya kwao. Mwaka 1905, mjini Paris, yeye na Théodore Simon walitunga majaribio yao kwa kazi moja tu: kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi darasani. Binet mwenyewe alipinga waziwazi wazo la akili isiyobadilika. Alifariki mwaka 1911, na waliobaki wakafanya walivyotaka. Mwaka uliofuata Mjerumani William Stern alileta hesabu ya kugawa umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akaieneza Marekani namba tunayoiita IQ. Kilichotungwa ili mtoto asaidiwe kikawa kitu cha kumkatia tamaa.

Na hiyo namba isiyobadilika? Twende Embu, Kenya. Watafiti waliwapima watoto wa vijijini huko mwaka 1984, kisha wakawapima wengine wa rika hilo hilo mwaka 1998. Kwenye jaribio la Raven, lile la kutafuta kipande kinachokamilisha mchoro, watoto wa mwaka 1998 waliwazidi wenzao kwa pointi 26 hivi. Damu ya watu wa Embu haiwezi kugeuka ndani ya miaka 14. Kilichogeuka, kwa maelezo ya watafiti wenyewe, ni wazazi waliosoma zaidi, familia zilizopungua ukubwa, na lishe na afya za watoto. Anayesema kwamba alama za chini za Waafrika zinatokana na maumbile aanze kwa kutueleza habari za Embu.

"Aliyefeli mtihani hana akili." Hili husemwa na wazazi wenye mapenzi mema kabisa, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi miaka mingi Zambia, aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi moja: tazama umbo hili, kisha litengeneze mwenyewe. Kwa karatasi na penseli, Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, Wazambia wakawashinda. Kwa udongo wa kufinyanga, hawakuachana. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1979, na mtu yeyote aliyekua akiunda magari ya waya hatayashangaa. Jicho la kutambua umbo ni lile lile; tofauti ni kitu ambacho mkono umekizoea. Mkaguzi aliyekuja na penseli peke yake angerudi kwao na ripoti ya watoto wa Zambia wasioona sawasawa.

Kuna utafiti mwingine, wa mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001. Ulifanyika Usenge, kando ya Ziwa Victoria, ambako watoto hujua dawa nyingi za miti shamba: ipi ya minyoo, inatumiwaje, kwa kiasi gani. Watafiti walipima maarifa hayo, wakayalinganisha na majaribio ya msamiati na alama za shule. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini darasani. Maelezo ya watafiti ni ya kawaida kabisa: nyumba zinatofautiana katika kuamua muda wa mtoto uende wapi. Sisemi shule haina maana. Nimesoma humo na ndiyo inayonilisha. Nasema tu kwamba mtoto anayejua kutibu minyoo ya mdogo wake hawezi kuitwa mjinga kwa sababu hakuulizwa habari hiyo kwenye karatasi.

Sasa mashine. "Kompyuta ilimshinda Garry Kasparov, kwa hiyo ina akili kuliko binadamu." Ilimshinda kweli bingwa huyo wa sataranji, New York, Mei 1997, pointi 3.5 kwa 2.5. Kompyuta hiyo, Deep Blue, ilikuwa ikichunguza mikao milioni 200 ya sataranji kwa sekunde, na haikuweza kufanya jingine lolote. Ungeiwekea bao la Kiswahili, mashimo 32 na kete 64, isingejua hata namua, hatua ya kwanza ya mchezo huo, ni nini, wakati mzee wa barazani Unguja hucheza huku anapiga soga na kumkumbuka anayemdai kahawa. Kushinda mchezo mmoja ni ushahidi wa kushinda mchezo mmoja.

Watu watanijibu kwamba hayo ni ya zamani, programu za leo zinazungumza Kiswahili sanifu, na anayezungumza vile lazima anaelewa. Ushahidi wa kuzungumza tulishaupoteza mwaka 1966. Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT aliandika programu aliyoiita ELIZA, iliyokuwa inayageuza maneno ya mtu kuwa swali na kumrudishia. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza miezi mingi, alianza kuongea nayo, kisha akamwomba Weizenbaum atoke chumbani ili waachwe peke yao. Binadamu akijibiwa vizuri huona mtu, hata pasipo na mtu.

Lakini wenzangu wanaoshangilia hapo wasikimbie mbele, kwa sababu na dai lao kwamba mashine ni kasuku tu halisimami vizuri. Ni kweli programu za lugha zimefunzwa kukisia kipande cha neno kinachofuata. Hata hivyo, haitoshi kusema kwamba mashine zote hurudia tu zilichosikia. Programu ya AlphaFold hukadiria maumbo ya protini ambayo hayakuwa yameandikwa popote ili yanakiliwe, na kwa kazi hiyo Demis Hassabis na John Jumper walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024. Mimi sioni ubaya wa kuiita hiyo akili, mradi msemaji aongeze: akili ya kufanya nini.

Kuhusu dai kwamba mashine inayozungumza "imejifunza yenyewe", jibu ni fupi. Ilisoma maandishi ya watu. Kisha, kama jarida la TIME lilivyoripoti Januari 2023, wafanyakazi wa Nairobi walisoma na kuainisha matini za ukatili na unyanyasaji ili programu ya ChatGPT ifunzwe kuziepuka, kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa.

Limebaki dai la wavivu, kwamba sasa mtu hana haja ya kufikiri. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York waliwasilisha mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazijawahi kuwapo, ChatGPT ilizibuni. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi mojawapo ni ya kweli, ikamhakikishia kwamba ndiyo. Walitozwa faini ya dola 5,000. Jaji alieleza kwamba kutumia chombo cha namna hiyo si kosa kwenyewe. Kilichowaponza ni kuendelea kuzing'ang'ania kesi hizo hata baada ya mahakama kuzitilia shaka.